Mwongozo kamili: kutambua, kusafisha na kutunza postikadi za mbio za kwanza za magari (1903–1908)

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza: mtu anaona postikadi ya Kombe la Gordon Bennett au ya Grand Prix ya 1906, picha inamvutia, analipa bei ya kadi ya asili, kumbe ameuziwa nakala iliyochapwa miongo mingi baadaye. La pili linaumiza zaidi. Kadi ni ya asili kabisa, lakini mwenyewe anaifuta kwa kitambaa chenye maji au anaipeleka kutiwa laminesheni, na kitu kilichovuka zaidi ya miaka mia moja kinaharibika kwa dakika mbili.

Wengi huanza na picha, na picha ndiyo rahisi kuliko vyote kuigiza. Karatasi, mgongo wa kadi, aina ya chapa na stempu ni vigumu zaidi kughushi, ndiyo maana ukaguzi hapa unaanza huko. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inachuja yale ambayo iliyotangulia haiwezi kuyaona.

Kadi zinazozungumziwa ni za ukumbusho wa Kombe la Gordon Bennett (Ireland 1903, Taunus nchini Ujerumani 1904, Auvergne nchini Ufaransa 1905), Grand Prix za Automobile Club de France (Le Mans 1906, Dieppe 1907 na 1908) na Kombe la Vanderbilt la Long Island, Marekani, lililoanza 1904.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vya kukagulia:

- Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Ukipata ya mara 30, bora zaidi.
- Rula ya milimita, ya chuma.
- Tochi ya mionzi ya urujuanimno ya nanomita 365. Zile za nanomita 395 za kukagulia noti dukani zinafaa pia, ila mwanga wao wa zambarau ni mkali na unaweza kuficha unachotafuta.
- Tochi ya kawaida yenye mwanga mweupe.

Vya kusafishia:

- Brashi laini ya manyoya, upana wa sentimita 2 au 3, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi wala vipodozi.
- Kifutio cheupe cha vinili na kikwaruzo kidogo cha jikoni cha kukisagia.
- Karatasi za kukaushia wino, nyeupe, zisizo na maandishi.
- Barakoa, kwa kadi yenye ukungu.

Vya kuhifadhia:

- Bahasha za plastiki ya poliesta au polipropilini, zenye ukubwa wa takribani sentimita 9.5 kwa 15.
- Boksi la lita 10 lenye mfuniko unaobana.
- Silika jeli gramu 200, ile inayobadilika rangi ikishiba unyevu.
- Kipima unyevu kidogo na penseli ya 2B.

Selotepu, gundi, jiki, spiriti, pasi na bakuli la maji vikae mbali na meza hii. Hakuna hatua hata moja inayovihitaji.

Osha mikono kwa sabuni, kausha kabisa, shika kadi kwenye kingo. Glavu za pamba zinapunguza hisia za vidole, na mtu hukunja pembe bila kujua. Kwa picha zenye kung'aa, vaa glavu nyembamba za mpira.

## Hatua ya 1: Pima kadi na utazame kingo

Kadi za miaka hiyo zina ukubwa wa takribani sentimita 9 kwa 14. Tofauti ya milimita 1 hadi 3 ni ya kawaida, kwa sababu wachapishaji walikata kwa makundi na visu havikuwa sawa. Kadi ya sentimita 10 kwa 15 ni ya kisasa, na hapo ukaguzi umekwisha.

Ikiwa kadi ni ndogo kuliko sentimita 13.5 kwa urefu, ichunguze zaidi. Huenda imekatwa kuondoa ukingo uliochanika, au ni nakala kubwa iliyopunguzwa ifanane na kipimo cha zamani. Kingo zitakwambia: karatasi iliyokatwa juzi ina ukingo mweupe na mkali, wakati sehemu nyingine ya kadi imeiva rangi.

Tazama pia rangi ya uzee ilivyokaa. Karatasi ya zamani hugeuka kahawia zaidi pembezoni, ambako hewa na vidole vilifika. Karatasi iliyozeeshwa kwa chai ina rangi inayofanana pote, mbele na nyuma, na rangi hiyo imekolea ndani ya mikunjo kwa sababu maji yalituama humo.

Dalili ya kufaulu: kipimo kiko ndani ya milimita chache, pembe zimelainika, na kingo zina uchafu wa umri mmoja na uso wa kadi.

## Hatua ya 2: Soma mgongo kabla ya picha

Hapa ndipo kadi nyingi za uongo zinapoanguka, na ukaguzi wake hauhitaji kifaa chochote.

Mwanzoni, mgongo wote wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake. Ujumbe uliandikwa upande wa picha, kwenye nafasi nyeupe iliyoachwa pembeni. Baadaye kila nchi iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, kushoto ujumbe na kulia anwani, kila moja kwa wakati wake:

- Uingereza, pamoja na Ireland iliyokuwa chini yake wakati ule: 1902
- Ufaransa: mwishoni mwa 1903
- Ujerumani: 1905
- Marekani: 1 Machi 1907

Sasa fanya hesabu. Mbio za Paris–Madrid zilianza 24 Mei 1903 na kusimamishwa Bordeaux kwa sababu ya vifo. Kadi ya Kifaransa ya mbio hizo yenye mgongo uliogawanywa haikuchapwa majira yale. Inaweza kuwa ya 1904 au 1905, kwa kuwa wachapishaji walirudia picha zilizouzika, na bado ni kadi ya zamani. Lakini si ile aliyoinunua mtazamaji wiki ya mbio, na bei yake isiwe ya hiyo.

Kwa Taunus 1904 hesabu ni hiyo hiyo: kadi ya Kijerumani ya majira yale ina mgongo mzima, yaani usiogawanywa kwa mstari. Kwa Vanderbilt, kadi zilizotoka wakati wa mbio za 1904, 1905 na 1906 zina mgongo mzima, na zile za 1908 zina mstari. Mwaka 1907 mbio za Vanderbilt hazikufanyika, kwa hiyo "Vanderbilt 1907" kwenye maelezo ya muuzaji ni kosa la wazi.

Kadi ya Ireland 1903 iliyochapwa Uingereza inaweza kuwa na mgongo uliogawanywa na ikawa halali kabisa. Wanunuzi wengi huikataa kadi nzuri kwa kutumia tarehe ya Ufaransa kwenye kadi ya Kiingereza. Kwanza jua nchi ilikochapwa, ndipo utumie tarehe.

Maneno ya mgongoni yanasaidia. "Ce côté est exclusivement réservé à l'adresse" (upande huu ni wa anwani tu) ni ya mgongo mzima wa Kifaransa. "Correspondance" upande mmoja na "Adresse" upande wa pili ni ya mgongo uliogawanywa. "Postkarte" ni Kijerumani. "Private Mailing Card" ni ya Marekani ya 1898 hadi 1901, kwa hiyo haiendani na mbio yoyote kati ya hizi.

Mwishowe laza tochi nyeupe karibu usawa na meza, mwanga upite juu ya mgongo kwa mshazari. Nakala nyingi halali za maduka ya makumbusho zina jina la mchapishaji wa kisasa, na wadanganyifu hulikwangua. Mahali palipokwanguliwa nyuzi za karatasi husimama na kuonekana kama manyoya mafupi.

Onyo: maandishi ya wino upande wa picha si uharibifu. Kwa kadi ya mgongo mzima, hapo ndipo palikuwa mahali pake. Usijaribu kuyafuta.

Dalili ya kufaulu: nchi ya uchapaji, aina ya mgongo na mwaka wa mbio vinakubaliana, au tofauti yake unaweza kuieleza.

## Hatua ya 3: Weka lenzi juu ya chapa

Sogeza lenzi hadi jichoni, kisha inua kadi hadi ionekane vizuri. Ukishika lenzi mbali na jicho utaona kipande kidogo tu na utachoka haraka. Angalia sehemu tatu: anga, kivuli chini ya gari, na herufi za maelezo ya picha.

Kolotaipu. Hii ni chapa ya kadi nyingi nzuri za Kifaransa na Kijerumani za wakati huo. Hakuna vitone vilivyojipanga. Utaona chembechembe ndogo zilizopindapinda, zisizo na mpangilio, na kivuli kinachofifia polepole. Vumbi la barabarani nyuma ya gari huonekana laini kabisa. Ukiona hivi kwenye karatasi ya kipimo sahihi, uko pazuri.

Vitone vya rangi moja. Vitone vimejipanga kwa mistari iliyonyooka, vikubwa gizani na vidogo penye mwanga. Chapa hii ilikuwepo tayari wakati huo, kwa hiyo yenyewe haithibitishi uongo. Endelea na vipimo vingine.

Vitone vya rangi nne. Samawati, pinki iliyoiva, njano na nyeusi vikiwa vimezungukana kama vijiua. Picha inayoonekana ya kahawia kwa macho, chini ya lenzi ikageuka mchanganyiko wa rangi nne, ni picha ya kadi ya zamani iliyopigwa na kuchapwa kisasa. Irudishe.

Litografia ya rangi. Rangi kadhaa tambarare, vitone visivyo na safu, na mara nyingi rangi moja imeteleza kidogo nje ya mstari wake. Kadi za katuni na za madereva waliochorwa ziko hivi.

Picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha. Hakuna kitone hata kwa lenzi ya mara 30. Geuza kadi kwenye mwanga: sehemu nyeusi, hasa karibu na kingo, zinaweza kuwa na mng'ao wa fedha kama kioo. Hiyo ni fedha ya picha iliyopanda juu kwa miaka mingi, na ni dalili njema. Karatasi ya picha ya kisasa imepakwa plastiki, na mgongo wake unateleza bila nyuzi zozote.

Printa ya nyumbani. Matone madogo ya rangi yametawanyika ovyo, hata mahali panapopaswa kuwa peusi tu.

Kwa kadi za picha halisi za Marekani, tazama kisanduku cha stempu, kile kilichochapwa mgongoni mahali pa kubandika stempu. Neno AZO, jina la karatasi ya picha, lenye pembetatu nne zote zikielekea juu ni karatasi ya 1904 hadi 1918. Mbili juu na mbili chini ni ya baada ya hapo, kwa hiyo picha ya Vanderbilt 1908 kwenye karatasi hiyo imesafishwa upya miaka kumi au zaidi baadaye.

Sasa herufi. Kwenye kadi ya asili ya kolotaipu au vitone, maelezo kama "Circuit de la Sarthe" (njia ya mbio za Le Mans 1906) kwa kawaida yana wino mzito na kingo zilizokamilika. Nakala iliyopigwa kutoka kadi nyingine huwa na herufi zilizovunjika kuwa vitone, au zenye ukungu.

Kuna kipimo kimoja kidogo ambacho hakijulikani vya kutosha. Tafuta mkunjo au mpasuko unaoonekana kwenye picha, kisha laza tochi kwa mshazari juu yake. Mkunjo wa kweli una kivuli na unaonekana pia mgongoni mahali hapo hapo. Mkunjo uliochapwa ni mstari tu: jicho linauona, mwanga hauuoni, na mgongo ni laini. Hapo umeshika picha ya mkunjo wa kadi ya mtu mwingine.

Dalili ya kufaulu: unaweza kutaja aina ya chapa bila kusitasita, na kila jeraha unaloliona mbele lina mwenzake nyuma.

## Hatua ya 4: Mulika kwa mionzi ya urujuanimno

Toa kadi kwenye bahasha, kwa sababu plastiki nyingine zinang'aa zenyewe. Ingia chumba chenye giza, weka kadi juu ya kitambaa cheusi, mulika kwa sekunde 5 hadi 10. Inatosha, kwani mionzi hii huchosha karatasi na wino. Usiielekeze machoni.

Karatasi ya miaka ya 1950 na kuendelea mara nyingi ina kemikali ya kung'arisha, jamii ya ile iliyomo kwenye sabuni ya unga. Hiyo hung'aa kwa rangi ya samawati nyeupe. Karatasi ya 1905 hubaki hafifu, ya njano au kijivu.

Kipimo hiki kinakata upande mmoja. Karatasi ikiwaka yote, kadi si ya 1905. Isipowaka, bado haijathibitika, kwa sababu zipo nakala za miaka ya 1920 na 1930, na zipo karatasi za leo zisizotiwa kemikali hiyo. Madoa machache yanayowaka yanaweza kuwa gundi mpya au alama ya sabuni tu. Hukumu karatasi, usihukumu doa.

## Hatua ya 5: Kagua stempu na muhuri

Kadi isiyotumwa inaruka hatua hii. Iliyotumwa inakupa ushahidi wa bure.

Muhuri wa posta upite juu ya stempu na kuangukia kwenye kadi, na mistari yake iendelee bila kukatika. Mstari ukivunjika kwenye ukingo wa stempu, stempu ilibandikwa baadaye.

Linganisha stempu na tarehe. Ufaransa, stempu ya mwanamke anayepanda mbegu ilianza 1903, ikiwa na mistari nyuma yake. Ile nyekundu ya sentimu 10 yenye rangi moja nyuma yake, bila mistari, ni ya 1906 na kuendelea. Ujerumani, stempu ya Germania yenye maneno "Deutsches Reich" ni ya 1902 na kuendelea. Uingereza, sura ya Mfalme Edward VII ilianza 1 Januari 1902.

Viwango vya kutuma kadi ndani ya nchi wakati huo: nusu peni Uingereza, pfennig 5 Ujerumani, senti 1 Marekani. Ufaransa ilikuwa sentimu 10, au 5 kama ujumbe haukuzidi maneno matano. Ndiyo maana kadi nyingi za Kifaransa zina salamu fupi sana. Stempu ya Kifaransa kubandikwa upande wa picha ilikuwa jambo la kawaida kwa wakusanyaji, si dosari.

Onyo: usibandue stempu hata kama ina thamani peke yake. Kadi yenye stempu na muhuri wake ni ushahidi. Vikitenganishwa, vyote viwili vinapungua.

## Hatua ya 6: Linganisha gari, namba na maelezo

Maelezo ya picha yanaweza kukosea, na wauzaji hukosea zaidi. Kinachosema kweli ni namba iliyopakwa kwenye gari.

Kwa Grand Prix za Ufaransa kuna njia ya haraka. Mwaka 1906 kila timu ilipewa namba, na magari yake yakatofautishwa kwa herufi baada ya namba: 3A, 3B, 3C. Mwaka 1907 ikageuka, herufi ya kampuni ikatangulia: F2 kwa Fiat, R1 kwa Renault. Mwaka 1908 zilirudi namba tupu. Kwa hiyo kadi ya "Dieppe" yenye gari la namba tupu ni ya 1908, hata kama muuzaji anaapa ni ya 1907.

Washindi wa kulinganisha nao:

- 2 Julai 1903, Athy, Ireland: Camille Jenatzy, Mercedes, namba 4
- 17 Juni 1904, Taunus: Léon Théry, Richard-Brasier
- 8 Oktoba 1904, Vanderbilt: George Heath, Panhard
- 5 Julai 1905, Auvergne: Léon Théry, Richard-Brasier, namba 1
- 14 Oktoba 1905, Vanderbilt: Victor Hémery, Darracq
- 26 na 27 Juni 1906, Le Mans: Ferenc Szisz, Renault, 3A
- 6 Oktoba 1906, Vanderbilt: Louis Wagner, Darracq
- 2 Julai 1907, Dieppe: Felice Nazzaro, Fiat, F2
- 7 Julai 1908, Dieppe: Christian Lautenschlager, Mercedes, namba 35
- 24 Oktoba 1908, Vanderbilt: George Robertson, Locomobile, namba 16

Umbo la gari pia ni shahidi. Renault ya 1906 haina rejeta mbele. Boneti yake inateremka kuelekea chini, na rejeta iko nyuma ya injini. Picha inayosema "Szisz, Le Mans" ikiwa na rejeta pana mbele haioneshi gari lake.

Angalia tego la Auvergne. Mchujo wa timu ya Ufaransa wa 1905 ulifanyika kwenye njia hiyo hiyo kabla ya mbio zenyewe, kwa madereva walewale. Neno "Éliminatoires" kwenye kadi linamaanisha mchujo. Ni kadi halali, ila si ya Kombe lenyewe.

Muhuri wenye tarehe ya kabla ya mbio usikutie shaka moja kwa moja. Kadi za sura za madereva, za njia na za majukwaa zilianza kuuzwa mapema. Kadi inayoonyesha mshindi akiwasili ndiyo lazima itanguliwe na siku ya mbio.

Rangi zilizopakwa kwa mkono zisikuamulie kitu. Kwenye Gordon Bennett magari ya Ufaransa yalikuwa ya buluu, ya Ujerumani meupe, na ya Uingereza mwaka 1903 ya kijani, lakini wapakaji kiwandani hawakuwa na gari mbele yao.

### Kama kadi iko mbali

Mwombe muuzaji picha nne: mbele yote, mgongo wote, mgongo ukimulikwa kwa mshazari, na kadi ikiwa pembeni ya rula. Akikataa ile ya rula, acha kadi. Mtu mwenye kadi ya sentimita 9 kwa 14 hana sababu ya kuficha kipimo.

Kwa usafirishaji, kadi iwe ndani ya bahasha ya plastiki, katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu vilivyozidi kadi kwa sentimita 2 kila upande. Selotepu iguse kadibodi kwa kadibodi, isiguse plastiki ya ndani.

## Hatua ya 7: Safisha kwa ukavu tu

Lengo ni kuondoa vumbi na vijidudu, basi. Kadi ya 1905 inayong'aa kama mpya imeharibiwa.

1. Laza kadi juu ya karatasi safi ya kukaushia wino. Piga brashi kutoka katikati kwenda nje, mkono mwepesi, mbele kisha nyuma.
2. Kama mgongo una uchafu wa vidole, saga kifutio kwenye kikwaruzo upate unga. Nyunyiza kijiko cha chai mahali pasipo na maandishi wala stempu.
3. Zungusha unga kwa ncha ya kidole bila kukandamiza. Jaribu kwanza kipande cha milimita 5 kwenye pembe. Unga ukigeuka kijivu, unatoa uchafu. Ukichukua rangi ya chapa au wino, acha hapo hapo.
4. Ondoa unga wote kwa brashi. Ukibaki, hugandamana na kuvuta unyevu.

Upande wa picha ni brashi peke yake. Kwenye picha halisi, kifutio huchuna jelatini, tabaka jembamba linalobeba picha, na kuacha alama isiyotoka. Maji ni mabaya zaidi: jelatini huvimba, hunata, kisha hukauka ikiwa imejikunja au imeng'oka. Maandishi ya penseli ya mwenye kadi wa kwanza yaache. Ni sehemu ya kumbukumbu.

Ukungu. Ukigusa na ukajipaka, bado uko hai. Tenga kadi ndani ya boksi lenye silika jeli kwa siku 2 au 3 hadi ukauke. Kisha vaa barakoa, toka nje, piga brashi kuelekea mbali na uso wako. Osha brashi kwa sabuni na uikaushe kabla ya kugusa kadi nyingine.

Selotepu ya zamani. Usivute. Gundi imeshazama kwenye nyuzi, na selotepu itatoka na uso wa kadi. Joto la pasi au draya huizamisha zaidi. Iache, au mpelekee mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi.

Kadi iliyogundishwa kwenye albamu. Usibandue kadi kutoka kwenye ukurasa. Bandua ukurasa kutoka kwenye kadi. Kata ukurasa kuizunguka kadi, igeuze uso chini, uchune karatasi ya albamu tabaka kwa tabaka ikiwa kavu. Tabaka la mwisho likigoma, libaki.

Kadi iliyojikunja. Iweke kati ya karatasi mbili za kukaushia wino, juu yake ubao laini na vitabu vya kilo 3 hadi 4, kwa wiki mbili. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hewa ina unyevu wa kutosha kulainisha karatasi yenyewe, kwa hiyo usiinyunyizie chochote. Sehemu kavu za bara, vuta subira wiki nne. Picha halisi iliyojiviringisha sana usiilazimishe, jelatini itapasuka.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Plastiki mbaya inaua kadi polepole kuliko maji, na kwa hakika ile ile. PVC hutoa asidi, hunata, na huhamisha wino. Harufu ya pazia jipya la bafuni ni ishara yake.

Kama huna hakika, pasha moto waya wa shaba kwenye jiko la gesi hadi moto usiwe na rangi, ugusishe kwenye kipande cha bahasha, urudishe motoni. Moto ukiwaka kijani, hiyo ni PVC. Fanya hivyo mahali penye hewa, ushike waya kwa koleo, usivute moshi.

Bahasha moja, kadi moja. Zisimamishe ndani ya boksi kama faili, zisibanane wala zisiinamiane. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi nyuma ya bahasha, usiyaandike kwenye kadi.

Unyevu unaotakiwa ni asilimia 35 hadi 50. Pwani hewa ya kawaida iko juu sana kuliko hapo, na juu ya 65 ukungu unaanza kuota. Gramu 200 za silika jeli zinatosha boksi la lita 10 linalobana. Ziweke kwenye kifuko cha kitambaa, zisiguse kadi. Zikibadilika rangi, zipashe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 au 3, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, zirudishe. Kipima unyevu kikishuka chini ya 30, toa nusu ya silika jeli, maana karatasi kavu mno hukatika na picha halisi hujikunja.

Boksi likae kwenye rafu ya chuma, mbali na ukuta wa nje na lisiguse sakafu, kwa ajili ya mchwa na maji. Dari pia hapafai, joto la mabati linazeesha karatasi haraka.

Ukinunua kadi zenye dalili za wadudu, zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza kwa wiki 2. Ukizitoa, subiri saa 24 kabla ya kufungua. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya kadi yenyewe.

## Hatua ya 9: Piga skani, utundike nakala

Tumia skana ya kulaza, siyo inayomeza karatasi, kwa doti 600 kwa inchi, pande zote mbili, bila kurekebisha rangi. Chapisha nakala hiyo kwa ajili ya ukutani. Ya asili isitundikwe: mwanga wa dirishani hufifisha rangi za mkono na wino wa ujumbe, na hakuna njia ya kuvirudisha.

Fungua boksi mara mbili kwa mwaka, mara moja lazima iwe baada ya masika. Nusa kabla ya kutazama, kwa sababu harufu ya ukungu hutangulia madoa. Kagua rangi ya silika jeli, pitia kila bahasha kwenye mwanga, na kadi yoyote iliyobadilika itenge siku hiyo hiyo na uanze nayo Hatua ya 7.